Wanaopita Juu Bila Kusalimia

Jogoo aliwika saa moja jioni ndani ya chumba changu, na mimi sijawahi kufuga jogoo.

Shangazi alikuwa amekaa kitandani, mgongo ameuegemeza ukutani. Jicho lake la kushoto lilikuwa limefungwa bendeji nene, na la kulia lilikuwa na ukungu wa miaka. Kwa hiyo hakuona kitu, alisikia tu. Akaacha kutafuna michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, aliyokuja nayo kutoka kwake Sengerema, akageuza kichwa kuelekea mezani.

"Nani anafuga kuku humu ndani?"

"Hakuna, Shangazi. Ni simu yangu."

"Simu haiwiki."

"Hii inawika. Nimeiwekea mlio wa jogoo."

Alitafakari. "Ni asubuhi au jioni?"

"Jioni. Saa moja na dakika tano."

"Kwetu jogoo akiwika jioni anaita mkosi. Hafiki asubuhi, anaingia chunguni usiku huohuo." Akanyoosha mkono hewani, akiitafuta simu. "Hii yako inachinjwaje?"

Nilimweleza. Sikupaswa kumweleza, maana mtu aliyetoka chumba cha upasuaji asubuhi anahitaji uji na kimya, lakini mimi nikianza habari za angani huwa sijui pa kuishia. Nilimwambia kuna chombo kikubwa kama uwanja wa mpira, kinaizunguka dunia mchana na usiku, na ndani yake wanaishi watu. Wanakula humo, wanalala humo, wanakata nywele humo. Jioni nyingine kinapita juu ya Mwanza, na ukitazama juu unakiona waziwazi kama nyota inayotembea, bila darubini wala kiingilio. Simu yangu ina programu inayojua saa ya kila safari, na kinapokaribia, inawika.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Nilitegemea aseme ni uongo, na nilikuwa nimeshaandaa hoja zangu. Hakusema ni uongo.

"Wanapita juu ya nyumba za watu," alisema.

"Ndiyo."

"Kila siku."

"Mara nyingi kwa siku, Shangazi."

"Na wanasalimia?"

Hakuna mahali kwenye programu ile panapozungumzia salamu.

"Watakuwa na umri gani?"

"Wengi wana miaka arobaini, hamsini."

"Watoto hao." Akarudi kwenye michembe yake. "Wanapita juu ya kichwa cha mtu mzima, hata shikamoo hakuna. Na wewe unawawekea jogoo."

Nikaahidi kwamba jogoo hatawika tena. Ahadi hiyo nimeijutia.

Hapa niseme kwa nini mtu anayejiita mwandishi wa riwaya alikuwa na programu ya vyombo vya angani. Sisi waandishi vijana wa Mwanza tuna kikundi. Tunakutana kila Jumapili kwenye kibanda cha chipsi, tunasomeana miswada, tunaumizana mioyo, halafu tunachangiana mayai. Jumapili moja nilisoma sura ambayo msichana anatazama mbingu kwa kurasa tatu. Nilipomaliza, mshairi wetu mmoja, mtu mpole anayeua taratibu, aliniuliza: "Mbingu hii ina nini ndani yake?" Nikasema ina nyota. Akasema, "Umeziangalia lini?" Nilirudi chumbani kwangu Mirongo, nikapanda juu ya paa, nikatazama juu kwa mara ya kwanza tangu nihamie mjini, na shingo yangu haijarudi sawa hadi leo.

Paa lenyewe ni zege tupu. Mwenye nyumba alikusudia kuongeza ghorofa, na nondo zimesimama pembeni zikiisubiri, zimeota kutu, wapangaji tumezifungia kamba za kuanikia nguo. Kuna tenki la maji upande mmoja, na upande wa pili, kati ya mabati ya jirani na mawe ya mlima, linaonekana ziwa, kipande chembamba kama ulimi. Hapo ndipo nilipokiona chombo kile mara ya kwanza. Nililia kidogo. Halafu nikaweka mlio wa jogoo, ili hata nikiwa jikoni napika nikimbie.

Sasa turudi kwa Shangazi. Yeye ni dada mkubwa wa baba, analima mpunga na ana ng'ombe anaowajua mmoja mmoja kwa rangi ya ngozi, au aliwajua hadi mtoto wa jicho alipomfunika macho yote mawili. Mwaka mzima uliopita aliwajua kwa sauti na kwa harufu, na alikataa hospitali kwa kusema ng'ombe hawajalalamika. Ndipo madaktari wa macho walipokuja kupiga kambi kwenye hospitali ya mlimani. Baba akamtuma binamu yangu kwenda kumchukua, akamleta akiwa amemshika mkono kama mali ya thamani. Mpango ulikuwa rahisi: jicho la kushoto Jumatatu, la kulia Jumamosi, ambayo ndiyo siku ya mwisho ya kambi. Katikati alale kwangu.

"Jumamosi asipoingia chumba cha upasuaji," baba aliniambia kwenye simu, "wewe na mimi tutaongea kwa barua."

Jumanne asubuhi walimfungua bendeji. Muuguzi alimwuliza anaona nini. Shangazi akamtazama kuanzia viatu hadi kofia, akasema, "Naona hujalala." Muuguzi akacheka, akakiri alikuwa zamu ya usiku.

Nilidhani ile ndiyo ingekuwa furaha yetu. Sikujua nimemrudishia macho mkaguzi. Alipoingia chumbani kwangu alisimama katikati, akazunguka polepole. Mapazia niliyomwambia ni ya bluu aliyaita majivu. Aliona utando wa buibui ambao mimi na buibui wake tulikuwa tumeshazoeana. Aliniona mimi. "Kumbe una chunusi," alisema, kwa huruma kabisa. Halafu akasogea kwenye kioo kilichoning'inia karibu na dirisha, akatulia hapo muda mrefu.

"Nani amemleta mama huku?" aliuliza.

Mama yake alifariki mimi sijazaliwa. Nilisimama nyuma yake, sura zetu mbili zikiwa kwenye kioo kimoja. Baadaye akaelewa mwenyewe. Akakigeuza kioo kikatazama ukuta, akakaa kitandani.

"Jumamosi nakwenda nyumbani," alisema.

"Jumamosi ni jicho la pili, Shangazi."

"Hili moja linatosha kwa yaliyobaki. Mpunga unataka mtu wa kufukuza ndege, na ndege siwafukuzi kwa macho, nawafukuza kwa debe." Akakunja kanga yake vizuri magotini. "Mlinieleza dunia wakati sioni, mkaieleza vizuri kuliko ilivyo. Hata daraja jipya la ziwani. Binamu yako aliniambia, sasa Shangazi tuko darajani, tunavuka kutoka Busisi. Mimi nilisikia lami tu. Kivuko nakijua: kinatikisika, kinanuka dizeli, watu wanauza mayai ya kuchemsha. Hilo daraja lenu halina hata mlio. Mtajuaje hamkunizungusha tu barabarani?"

"Utaliona ukirudi."

"Ndiyo. Jumamosi."

Nilimbembeleza mchana kutwa. Nilimpikia sato, nikamwachia kichwa. Alikula kichwa na msimamo wake ukabaki palepale. Jioni, nikiwa nimechoka, nilisema neno ambalo lilinitoka tu: "Basi angalau ukione kile chombo kabla hujaondoka. Hicho hakuna aliyekueleza vizuri kuliko kilivyo."

Akanitazama kwa jicho jipya, ambalo lilikuwa kali kuliko nilivyozoea.

"Tufanye hivi," alisema. "Nikiwaona hao wapita njia wako kwa jicho hili moja, basi kuna vya kuonwa, na Jumamosi nakwenda kutoa la pili. Nisipowaona, Jumamosi asubuhi usinishike mkono. Nashika njia."

Programu ilionyesha safari tatu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Nikamwambia nimekubali. Nilikubali kwa haraka ya mtu asiyejua hali ya hewa.

Jumatano nilimpandisha paani saa kumi na mbili na nusu na kiti cha plastiki. Mwenye nyumba alitukuta huko. Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, Mhaya wa Bukoba, Mlutheri wa benchi la mbele, na wapangaji wote tunamwita Mwalimu. Alikuwa amesikia habari kupitia ukuta, akaja na darubini yake shingoni na suti ya kaunda.

"Mama, karibu kwenye elimu ya anga," alimwambia Shangazi. "Chombo hiki kitatokea kaskazini-magharibi. Kwa lugha nyepesi, kinapita Bukoba kwanza, ndipo kije huku."

"Hata huko juu mnataka kutangulia," Shangazi alijibu.

"Si sisi, mama, ni njia yake."

"Njia yenu mnaijua wenyewe."

Mwalimu akainua darubini, akatangaza kwamba ameshakipata. Alikuwa ameipata nyota ya jioni. Alimkabidhi Shangazi darubini kwa heshima zote, lakini Shangazi hakuipokea.

"Hiyo haitembei. Hiyo ikisimama pale ng'ombe wanakuwa wameshaingia zizini. Naijua tangu nina meno ya utoto."

Kikaja kitu kingine chenye taa, kikinguruma. "Hicho," alisema Mwalimu.

"Hiyo ni ndege ya Dar," alisema Shangazi. "Nilikuwa kipofu, sikuwa kiziwi."

Halafu wingu likapanda kutoka ziwani, likafunika Bukoba, likafunika nyota ya jioni, likafunika kila nilichokuwa nacho. Simu yangu, ambayo sasa ilikuwa imezimwa sauti kwa heshima ya mkosi, ilitetemeka mfukoni, ikatetemeka, ikaacha. Juu ya wingu watu kadhaa walipita na chakula chao cha jioni. Sisi tulipata matone.

"Moja," alisema Shangazi, akashuka ngazi.

Alhamisi mbingu ilikuwa safi kama sahani. Nilianza kuimba. Saa kumi na mbili na dakika hamsini tukaona moshi juu ya ziwa, nguzo nyeusi inayopinda taratibu, na kila mtu wa Mwanza anajua ule si moshi. Ni wadudu wa ziwani, wanaozaliwa majini kwa mamilioni na kwenda popote upepo unapowapeleka. Nikaomba upepo uwapeleke Ukerewe. Lakini Mwalimu, ili Shangazi asijikwae kwenye nondo, alikuwa amewasha taa ya paani, taa kubwa nyeupe anayojivunia. Wadudu wakaiona. Walikuja wote.

Sitaeleza sana. Waliingia masikioni, puani, kwenye lenzi za darubini. Mwalimu alifungua kinywa aseme jina lao la kitaalamu akakifunga kikiwa kimejaa. Tulishuka ngazi kwa kupapasa, Shangazi akiwa mbele, maana yeye alikuwa na uzoefu wa kutembea bila kuona.

Chini, akijikung'uta kanga, alisema, "Chakula cha usiku nimeshakula." Halafu: "Mbili."

Usiku ule baba alipiga simu. Nikamwambia mambo yanakwenda vizuri. Mwandishi wa riwaya haoni shida kusema kitu kama hicho.

Ikabaki Ijumaa. Nilikuwa nimejipanga kama jeshi. Nilimwomba Mwalimu asiwashe taa, akakubali. Nilipima mahali pa kuweka kiti, mgongo kwenye tenki la maji, uso ziwani. Kwenye programu niliangalia mchoro wa safari: kingetokea upande wa ziwa saa moja na dakika kumi na nane, kingepanda hadi juu kabisa, na kabla hakijashuka upande wa pili kingeingia kwenye kivuli cha dunia na kupotea ghafla. Hilo la kupotea sikumwambia mtu. Nililiweka akiba, kama mtu anayeficha sura ya mwisho ya kitabu. Mbingu ilikuwa safi, upepo ulitoka nchi kavu, na wadudu, kama wapo, walikuwa wanasumbua watu wa Sengerema.

Saa moja na robo, Shangazi yuko kitini, mimi nimesimama pembeni yake, nikasikia hatua kwenye ngazi. Zilikuwa za polepole, na kila moja ilifuatiwa na neno la Kihaya. Mwalimu akatokea akiwa amemshika mkono mwanamke mzee sana aliyevaa gauni refu, shuka begani na kilemba kikubwa cheupe.

"Dada yangu," alisema Mwalimu. "Ameshuka kwenye meli leo asubuhi kutoka Bukoba. Naye kesho anakwenda kambini kwa ajili ya macho. Nimeona aje amsalimie mama."

Nilipiga magoti. Sitaki mtu afikiri nilifikiria kwanza. Binti wa Kisukuma anapotokewa na bibi kizee mbele ya shangazi yake, magoti hutangulia, akili hufuata, na ile zege ya Mwalimu ina kokoto. Niliinamisha kichwa, nikasema shikamoo, bibi akasema marahaba. Sasa ilikuwa zamu ya Shangazi na mgeni, na mimi sikuweza kuinuka hadi wao wamalize.

Hawakuanza.

Kwa wale wasioelewa: watu wazima wawili wasiofahamiana wanapokutana, mmoja lazima atoe shikamoo na mwingine aipokee, na anayeipokea ndiye mkubwa. Shangazi yangu hajampa mtu shikamoo kwa miaka mingi. Waliokuwa wanastahili wameshazikwa. Yeye akasubiri. Bibi wa Bukoba naye akasubiri, amesimama mbele yake, mgongo umelielekea ziwa.

"Dada yangu ni mkubwa," Mwalimu alisema, akitaka kurahisisha. "Mimi nina sabini na mbili, na yeye ndiye aliyenibeba mgongoni."

"Hata mimi nimebeba," alisema Shangazi. "Baba yake huyu nilimbeba nikiwa nimeshachumbiwa."

"Mimi mjukuu wangu wa kwanza ana watoto wawili," alisema bibi. Sauti yake ilikuwa laini, ya kanisani.

"Wangu ana watatu."

"Pengine alianza mapema."

"Alianza kwa wakati. Ni wenu wanaochelewa kwa kusoma."

Mfukoni mwangu, kwenye paja, simu ikaanza kutetemeka.

Nataka nieleze hali hiyo kwa usahihi. Nimepiga magoti kwenye kokoto. Nimeinamisha kichwa. Ninajua kwa paja langu kwamba wakati huohuo, nyuma ya mgongo wa bibi yule, kitu kinachobeba jicho la pili la shangazi yangu kinatoka Bukoba. Nikajaribu kuinua kidevu kidogo tu. Shangazi akakohoa kile kikohozi ambacho wasichana wa ukoo wetu wanakijua kabla hawajajua kusoma. Nikashusha kidevu.

"Shangazi, samahani, ni sasa hivi..."

"Watu wazima wanaongea."

"Tena una meno mangapi wewe?" bibi aliuliza, na nikasikia ameamua kumaliza shauri.

"Yote, isipokuwa manne."

"Mimi ninayo manne."

"Hiyo ni miwa ya Bukoba, si umri."

Mwalimu alicheka, kisha akakumbuka upande wake, akanyamaza. Simu iliendelea kutetemeka. Nilihesabu kokoto. Nilifikiria barua nitakazoandikiana na baba.

Ndipo Shangazi aliponyamaza. Ilikuwa jambo la ajabu kiasi kwamba nilithubutu kuinua macho bila kuinua kichwa. Niliona magoti yake, mikono yake imetulia juu ya kanga, na kidevu chake kikiwa kimeinuka, kikiendelea kuinuka polepole. Bibi naye akasubiri.

"Shikamoo," alisema Shangazi.

Ilikuwa sauti nisiyoijua, ndogo, kama ya mtoto aliyetumwa mlango wa jirani.

"Marahaba, mdogo wangu," alisema bibi wa Bukoba, na hata kwa kichwa kilichoinama niliweza kumsikia Mwalimu akitabasamu kwa niaba ya mkoa mzima wa Kagera.

Baada ya hapo salamu zilitiririka: wa nyumbani hawajambo, mvua zipo, migomba inazaa, ng'ombe wanakula, nani alifariki, nani amejifungua. Simu iliacha kutetemeka kwenye migomba. Nilipoachiwa kusimama, magoti yangu yakiwa na ramani, mbingu ilikuwa na nyota nyingi na zote zilikuwa zimetulia mahali pake.

"Kimepita?" nilimwuliza Mwalimu.

"Hakijapita. Nilikuwa na darubini muda wote." Alikuwa nayo kweli, shingoni.

Nikamgeukia Shangazi. "Umekiona?"

"Mpe mgeni kiti," alisema.

Alikuwa mwenye adabu jioni nzima. Aligawana na bibi michembe yake, ambayo bibi aliinyonya kwa subira. Wakati wa kulala hakusema "tatu", na mimi niliona ni huruma, maana mtu aliyeshinda kabisa hana haja ya kuhesabu. Nilimtumia baba ujumbe: Nimeshindwa. Akajibu kwa nukta moja tu, bila neno.

Niliamka kukiwa kumepambazuka na Shangazi alikuwa ameshavaa. Kitanda kimetandikwa. Mkoba wake wa safari uko mlangoni, umefungwa. Kioo kilikuwa kimegeuzwa kikatazama chumba, naye alikuwa mbele yake anafunga kitambaa kichwani, bila haraka, akijikagua upande wa kushoto na wa kulia.

"Shangazi. Ndiyo unakwenda?"

"Kilitokea kule ziwani," alisema kwenye kioo.

Nikakaa.

"Hakikukimbia, hakikuchelewa. Hakina mlio, kama lile daraja. Kikapita juu ya kilemba cha yule bibi, kikapita juu yako wewe uliyeinama, kikafika usawa wa tenki la maji nikadhani shingo itavunjika. Halafu kikazimika. Kama mtu aliyefika kwake, akaingia, akazima taa."

Habari ya kuzimika sikuwa nimemwambia yeyote.

"Kwa nini hukusema jana?"

"Ningesemaje, na salamu iko katikati?" Akamaliza fundo. "Usiku nikawaza nisiseme kabisa. Nani angenibishia? Nyote mlikuwa mnatazama chini. Ningeshika njia leo, ningekuwa nafukuza ndege mchana huu."

"Sasa?"

"Sasa nimekiona. Nikishakiona nimekiona."

"Ile shikamoo..."

"Haikuwa ya yule bibi." Alisema hivyo kwa uchungu kidogo. "Ameidaka njiani."

"Lakini ulisema wao ndio wadogo. Ulisema wao ndio waanze."

"Nilisema kabla sijawaona." Akachukua kadi ya hospitali iliyokuwa imechomekwa pembeni mwa kioo, akaitia kwenye pindo la kanga, akafunga. "Watu wako mbali na kwao namna ile. Unaanza wewe tu."

"Na hawakujibu."

"Hawakujibu. Ndiyo maana nimemwachia aliyejibu."

Nikaruka kutafuta viatu. Nilimwambia anisubiri, navaa, nampeleka mlimani, dakika mbili tu. Akainua mkoba. Ndani yake, nilijua sasa, kulikuwa na kanga ya kubadilisha wodini na michembe iliyobaki.

"Unipeleke wapi? Mtu aliyeshindwa kuinua kichwa. Nakwenda na yule bibi. Mimi nina jicho moja, yeye ana nusu, hiyo hospitali tutaiona. Wewe kaa uandike. Mwambie baba yako nikitoka huko nataka nipelekwe Kigongo, nisimame pembeni, nilitazame hilo daraja kwa macho mawili. Na leo wanapita?"

"Wanapita. Saa moja kasoro."

"Basi mwache jogoo awike. Hana kosa."

Nje, kwenye korido, sauti laini ya kanisani iliita: "Mdogo wangu, uko tayari?"

Shangazi alifumba macho yote mawili, lile jipya na lile la zamani.

"Unasikia?" aliniambia kwa sauti ya chini. "Tangu jana mimi ni mdogo wake. Na itakuwa hivyo hadi nife."

"Nakuja, dada," akaitikia, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.